Kifaa Kinachokufa Siku ya Tano: Klasi za C++ Ndani ya Baiti 2048

Swali. Shikamoo mwalimu. Nimetengeneza kifaa cha kuangalia maji kwenye matanki ya mtaani kwetu hapa Morogoro. Kina bodi ya Arduino Uno, kihisi cha mawimbi ya sauti na SIM800L, moduli ya simu inayotuma SMS. Tanki likishuka chini ya robo kinamtumia mwenye tanki SMS, kwa kawaida mbili au tatu kwa siku, kama hii: "Tanki namba 3 limeshuka hadi asilimia 22. Jaza." Programu nimeiandika kwa C++ yenye klasi: `Ujumbe` ndiyo klasi mama, `UjumbeSms` inairithi na ndani yake mna `String` ya maandishi. Kila tukio naunda ujumbe kwa `new`, nautuma, halafu naufuta kwa `delete`. Mezani hakina tatizo. Nikikifunga, siku ya nne au ya tano kinakwama, na SMS ya mwisho huja tupu. Kompaila inasema vigeu vimechukua baiti 1130, yaani asilimia 55. Wenzangu wengine wanasema C++ si lugha ya vifaa vidogo, nirudi C. Wengine wanasema ninunue ESP32, bodi yenye kumbukumbu kubwa zaidi, yaishe. Nifanye lipi?

Jibu. Marahaba. Kwa sasa usifanye lolote kati ya hayo mawili. Tatizo lako si klasi wala si udogo wa chipu. Programu yako haijaamua kila kitu kinazaliwa lini na kinakufa lini, na kwenye kifaa chenye baiti 2048 za RAM uamuzi huo lazima uwe umeshafanywa kabla hujaunganisha umeme.

Nianze kwa kumwondoa mshukiwa wa kawaida. SIM800L inapotuma huvuta mkondo unaofika ampea 2 kwa mapigo mafupi, na vifaa vingi vya aina hii vinavyokwama vinakwama kwa sababu ya umeme duni. Kama umeilisha kutoka kwenye pini ya 5V ya Uno, hiyo irekebishe leo hii, maana hata kiwango cha volti si chake. Lakini umeme ukiyumba SMS haifiki tupu. Ama inafika nzima, ama haifiki kabisa. SMS tupu ni ushahidi wa kitu kingine: `String` iliomba nafasi ikanyimwa, na klasi hiyo ikinyimwa nafasi hailalamiki. Inabaki tupu, au inabaki na kipande ilichokuwa nacho, na programu inaendelea kana kwamba mambo ni shwari.

Sasa tupige hesabu. Umebaki na baiti 918 baada ya vigeu. Ndani ya hizo wanaishi wawili. Hipu, yaani eneo ambalo `new`, `malloc` na `String` huomba nafasi, inaanza chini na kupanda juu. Staki, inayobeba vigeu vya ndani ya funksheni na anwani za kurudi, inaanza juu kabisa na kushuka chini. Hakuna ukuta kati yao. Tuseme staki yako inatumia baiti 200 wakati ujumbe unaundwa. `malloc` ya avr-libc, maktaba ya C ya chipu za AVR kama ya Uno, huacha pengo la baiti 32 kati yake na staki. Hipu imebakiwa na kama 680. Ujumbe wako una herufi 47; ongeza baiti moja ya kufunga maandishi na mbili za kumbukumbu za `malloc` yenyewe, unapata 50. Ukivujisha baiti 50 kwa kila ujumbe, unaishiwa kwenye ujumbe wa 13 hivi. Kwa SMS mbili au tatu kwa siku, hiyo ni siku ya tano.

Utasema: lakini nimeweka `delete`! Umeweka, ndiyo. Angalia klasi mama yako:

```
class Ujumbe {
public:
  virtual void tuma() = 0;
};

Ujumbe* u = new UjumbeSms(namba, asilimia);
u->tuma();
delete u;
```

Pointa yako, yaani kigeu `u` kinachobeba anwani ya kitu, ni ya aina ya `Ujumbe`, na `Ujumbe` haina kibomoaji (funksheni inayoitwa kitu kinapofutwa) cha `virtual`, yaani kinachochaguliwa kwa aina halisi ya kitu. Unapoandika `delete u`, kompaila haijui kwamba nyuma ya pointa hiyo kuna `UjumbeSms`. Inaita kibomoaji cha mama, ambacho hakifanyi kitu, kisha inarudisha baiti 8 za kitu chenyewe: 2 za pointa ya jedwali la `virtual` (orodha ya funksheni za klasi) na 6 za `String`. Maandishi hayamo ndani ya hizo 8. Yako kwingine hipuni, na aliyejua yalipo ndiye huyo umemfuta bila kumpa nafasi ya kusafisha. Kwa sheria za C++ tabia hii haina hata matokeo yaliyofafanuliwa. Kwa vitendo, kwenye kompaila yako, maandishi yanavuja kila mara.

Kompaila inalijua kosa hili na ina onyo lake, `-Wdelete-non-virtual-dtor`. Hukuliona kwa sababu Arduino IDE huja maonyo yakiwa yamezimwa. Fungua mapendeleo, tafuta maonyo ya kompaila, weka "All". Sielewi kwa nini chombo cha wanaojifunza kinawaficha wanaojifunza maonyo, lakini ndivyo kilivyo.

Kinachofuata hipu ikijaa kinafaa kukitazama, maana kinaeleza kukwama. `malloc` hupima umbali kati yake na staki pale tu inapoitwa. Ikiona zimebaki zaidi ya baiti 32, inakubali. Dakika hiyohiyo `tuma()` inaita funksheni nyingine, nayo nyingine, intarapti ya bandari ya serio (kazi ya dharura inayokatiza programu) inaingia katikati, na staki inashuka baiti 60 au 80 ikiandika juu ya maandishi yaliyo hipuni. Baadaye `free`, inayorudisha nafasi, inasoma ukubwa wa kipande mahali ambapo sasa pana takataka. Ubaya wa pili: kwenye maktaba ya msingi ya Arduino kwa chipu za AVR, `new` ikikosa nafasi inarudisha pointa ya sifuri. Kwenye kompyuta yako ya mezani, kuandika kwenye anwani sifuri kunaua programu papo hapo. Kwenye ATmega328P, chipu ya Uno, anwani sifuri ni rejista ya kwanza ya CPU yenyewe, r0, na inayofuata ni r1, ambayo avr-gcc, kompaila yako, inaitegemea iwe na sifuri muda wote. Ukiiharibu r1, hesabu zisizohusiana kabisa na ujumbe zinaanza kukosea. Hapo hata fundi mzuri anaanza kulaumu kihisi.

Dawa ya haraka ni mstari mmoja, `virtual ~Ujumbe() {}`. Uvujaji utakoma. Usiishie hapo.

Ukiwa na `String` na `new` ndani ya kazi ya kila siku, hipu itakatikakatika hata kama hakuna baiti inayovuja. Unapounganisha maandishi kwa alama ya `+`, kila kipande kipya kinaweza kuhitaji nafasi kubwa zaidi. Kama jirani yake yuko wazi, `realloc` ya avr-libc hupanua palepale. Kama amekaliwa, inatafuta kipande kipya, inanakili, ndipo inaachia cha zamani. Kwa muda huo unahitaji vyote viwili. Sasa chukulia kati ya ujumbe mmoja na mwingine ulihifadhi namba ya simu kwenye `String` nyingine inayodumu. Imekaa katikati. Upande huu wake kuna baiti 40 wazi, upande ule 40. Jumla unazo 80, unaomba 50, unanyimwa. C++ haiwezi kumsogeza aliyekaa katikati, kwa kuwa kuna pointa zinazomfahamu kwa anwani yake halisi. Lugha zenye mkusanya takataka, zinazofuta zenyewe vitu visivyotumika, hazikuokoi moja kwa moja pia: MicroPython, yaani Python ya vifaa vidogo, hukusanya vilivyokufa lakini haisogezi vilivyo hai, kwa hiyo matundu yanabaki palepale.

Wanaojenga mifumo ambayo haiendewi na bisibisi waliliona hili zamani. Kanuni za C++ za ndege ya kivita ya F-35, zilizotolewa na Lockheed Martin mwaka 2005, zinasema kwenye kanuni ya 206 kwamba hipu isiombwe wala kurudishiwa kitu baada ya mfumo kumaliza kuanza. Mwaka uliofuata Gerard Holzmann wa maabara ya JPL ya NASA alichapisha kanuni kumi za programu nyeti, na ya tatu ni hiyohiyo. Waambie wenzako wanaosema C++ haifai: ndege hiyo ina klasi, ina urithi, ina `virtual`. Kilichokatazwa ni kuombaomba kumbukumbu katikati ya safari.

Kwa hiyo tazama vitu vyako na uulize kila kimoja kinaishi muda gani. Kihisi kipo tangu kifaa kiwake hadi kizimwe. Modemu vilevile. Orodha ya matanki vilevile. Hivi vyote viwe vitu vya `static`, vimetangazwa juu, na kompaila ivihesabu. Vipo vya kupita, kama namba unayoisoma na kuitupa ndani ya funksheni moja. Hivyo vikae kwenye staki. Ujumbe wako umeufanya kitu cha kuzaliwa na kufa, lakini kwa kweli kifaa kinatuma ujumbe mmoja kwa wakati mmoja. Basi kiwepo kitu kimoja cha ujumbe, kinachoandikwa upya:

```
class Ujumbe {
public:
  virtual void tuma() = 0;
protected:
  ~Ujumbe() = default;
};

class UjumbeSms : public Ujumbe {
  char maandishi[161];
public:
  bool andika(int namba, int asilimia) {
    int n = snprintf_P(maandishi, sizeof maandishi,
      PSTR("Tanki namba %d limeshuka hadi asilimia %d. Jaza."),
      namba, asilimia);
    return n > 0 && n < (int)sizeof maandishi;
  }
  void tuma() override;
};

static UjumbeSms sms;
```

Herufi 160 ndizo SMS moja ya kawaida inazobeba, pamoja na baiti ya kufunga. Maandishi yakizidi, `andika` inarudisha `false` na wewe unaamua la kufanya, badala ya kugundua kwa malalamiko ya mwenye tanki. Kibomoaji nimekiweka chini ya `protected` kwa makusudi: mtu akiandika `delete u` kupitia pointa ya mama, programu haitakubali kukompailiwa. Nakipenda kizuizi hiki kuliko kibomoaji cha `virtual`, kwa sababu hapa hatutaki vitu hivi vifutwe kabisa.

Ukikompaili utaona namba imepanda kutoka 1130 hadi karibu 1290, asilimia 63. Usishtuke. Baiti hizo ulikuwa unazitumia tangu mwanzo. Ila zamani zilikuwa nje ya hesabu. Ripoti ya kompaila haioni hipu. Ndiyo maana watu hushangaa wakiongeza kioo kidogo cha OLED cha 128 kwa 64: maktaba ya Adafruit ya SSD1306 huomba bafa ya baiti 1024 hipuni inapoitwa `begin()`, nusu nzima ya kumbukumbu ya Uno, na kwenye ripoti hakuna dalili yake. Kwako wewe ingekataa siku ya kwanza.

Nafasi ya kufidia utaipata kwenye maandishi yasiyobadilika. Kila `Serial.println("...")` na kila amri ya modemu uliyoandika ndani ya alama za nukuu inanakiliwa kwenye RAM kifaa kinapowaka. Yafunge kwa `F("...")` yabaki kwenye flashi, kumbukumbu inayotunza programu yenyewe, ambako una kilobaiti 32. Kwenye mfano hapo juu `PSTR` inafanya kazi hiyo. Angalizo dogo: `snprintf` ya AVR, kwa mpangilio wa kawaida, haichapi desimali, ukiweka `%f` utapata alama ya kuuliza. Tunza vipimo kwa namba kamili, sentimita au milimita.

Viundaji vya vitu hivi vya `static`, yaani funksheni zinazoitwa kitu kinapozaliwa, navyo vina jambo lake. Vinakimbia kabla ya `setup()`, kabla hata maktaba ya Arduino haijaandaa saa zake. Visiguse pini wala bandari ya serio. Viache viweke namba tu, na kazi ya kuamsha vifaa uipe funksheni ya `anza()` utakayoiita mwenyewe.

Kuhusu gharama ya `virtual`, ambayo najua wenzako wataitaja: kwenye AVR kila kitu chenye `virtual` kinabeba pointa ya baiti 2, na jedwali la klasi linakaa kwenye RAM, kwa sababu chipu hii imetenganisha kumbukumbu ya programu na ya data. Kwa klasi mbili tatu hiyo ni baiti chache. Klasi arobaini za mapambo ni habari nyingine. Kwenye chipu za ARM Cortex-M, kama STM32F103 yenye kilobaiti 20 za RAM, jedwali hubaki kwenye flashi na huna haja ya kulifikiria.

Panapohitaji kichwa hasa ni pale vitu vinapokuwa vingi na idadi yake hujui. Mtandao ukikatika saa sita, SMS zisubiri wapi? Watu huandika orodha inayokua, na orodha inayokua ndiyo iliyowahi kulikwamisha Spirit, gari la roboti la NASA, kwenye sayari ya Mirihi. Januari 21, 2004, wiki mbili na ushei baada ya kutua, lilianza kujiwasha upya mara kwa mara. Lilikuwa na megabaiti 128 za RAM, si kilobaiti 2. Mfumo wake wa mafaili ulitunza kwenye RAM taarifa za mafaili yaliyokuwa kwenye flashi. Mafaili yakalimbikizana, taarifa zikakua, ombi la kumbukumbu likakataliwa, gari likajiwasha upya, likasoma mafaili yaleyale, likaishiwa tena. Wahandisi walilikomboa kwa kuliamuru liwake bila kugusa mfumo huo wa mafaili.

Kwako, foleni iwe na viti vilivyohesabiwa, na kila kiti kibebe taarifa ghafi badala ya maandishi. Namba ya tanki baiti moja, asilimia baiti moja, dakika baiti mbili: baiti 4. Matukio 16 ni baiti 64, na maandishi unayatengeneza wakati wa kutuma kwa kutumia kile kitu kimoja cha `sms`. Halafu jibu swali ambalo orodha inayokua ilikuwa inakusaidia kulikwepa: foleni ikijaa, nani atoke? Kwa maji, mimi ningemtoa wa zamani zaidi, kwa sababu taarifa ya tanki ya saa sita zilizopita haimsaidii mtu. Kwa mita ya malipo ningefanya kinyume. Hakuna maktaba itakayokuamulia hilo. Ila kama hutaki kuandika foleni mwenyewe, Embedded Template Library ina `etl::queue` na `etl::vector` ambazo ukubwa wake unautaja kwenye aina yenyewe, na haziombi hipu.

Tuje kwenye ESP32. Sitakudanganya, ungeinunua ungepona, au ungeonekana umepona. Ina kilobaiti 520 za RAM, na tuseme 200 zimebaki hipuni: kwa kuvujisha baiti 50 mara tatu kwa siku ungekaa zaidi ya miaka mitatu. Lakini mtu akishakuwa na ESP32 anaongeza Wi-Fi, anataka kila tanki liripoti kwenye seva kila dakika. Kasoro ileile kwa matanki matatu ni baiti 216,000 kwa siku. Kifaa kingekufa kabla ya jua kuchwa mara ya pili. Ukihamia huko, usiamini `ESP.getFreeHeap()` peke yake. Soma na `ESP.getMaxAllocHeap()`, inayokuambia kipande kikubwa zaidi kisichokatika. Namba ya kwanza ikitulia huku ya pili ikishuka siku hadi siku, hipu inakatika. Na kumbuka huko kila kazi ya FreeRTOS, mfumo mdogo unaoendesha kazi kadhaa kwa pamoja, ina staki yake, kwa hiyo kipimo cha `uxTaskGetStackHighWaterMark` uwe nacho kwa kila moja.

Kwenye Uno kipimo chako kiwe umbali kati ya kilele cha hipu na staki:

```
int pengo() {
  extern int __heap_start, *__brkval;
  int v;
  return (int)&v - (__brkval == 0 ? (int)&__heap_start
                                  : (int)__brkval);
}
```

Kinapima pengo la katikati tu, matundu ya ndani ya hipu hakiyaoni. Kwa programu isiyogusa hipu hicho kinatosha, na kama `__brkval` si sifuri mwishoni mwa `setup()`, basi kuna maktaba inayoomba kumbukumbu bila wewe kujua. Itafute ni ipi.

Sasa jaribio, na hapa klasi zako zinakulipa. Huna haja ya kusubiri siku tano wala kuchoma vocha. Tengeneza `UjumbeBandia` inayorithi `Ujumbe`, ambayo `tuma()` yake inachapa maandishi na `pengo()` kwenye bandari ya serio badala ya kugusa modemu. Iendeshe kwanza kwa programu yako ya zamani, ukiipa `String` ileile na `new` ileile, ujumbe mmoja kila sekunde. Kama hesabu yangu iko sawa, pengo litapungua kwa 50 kila mstari, na maandishi yataanza kuja tupu kabla ya sekunde ya 20. Kisha weka programu mpya, uiache usiku kucha. Namba ya kwanza na ya mwisho zikitofautiana hata kwa baiti moja, nitumie faili lote la `.ino` pamoja na majina ya maktaba ulizotumia, tulitazame pamoja.